Panki ya Johannesburg kwa masikio ya Tanga

Wazee shikamooni, vijana mambo. Mliokaa nyuma sogeeni mbele bana, viti vipo.

Hii CD niliinunua Johannesburg miaka mingi nyuma, muuzaji aliniambia tu ni panki ya hapahapa kwao, na mi panki, ule muziki wa magitaa ya kelele na haraka, nilikuwa naijua ya wale wazungu wa London wenye nywele zilizosimama, nikasema ebu lete. Bendi inaitwa National Wake, ilianza 1979. Wazungu wawili, Ivan Kadey na Steve Moni, wako kwenye magitaa, halafu kuna ndugu wawili wa Soweto, Gary Khoza anapiga besi na Punka Khoza drams. Sasa hiyo ni Afrika Kusini ya makaburu, sheria inasema mweusi akae kwake na mzungu kwake, hawa wanaishi nyumba moja na wanapanda jukwaa moja, polisi hawakuwaacha wapumue. Albamu ikatoka 1981, zikauzwa kopi kama 700, serikali ikabana, ikaondolewa sokoni. Imekuja kutolewa upya 2013 na kampuni ya Marekani, Light in the Attic, na hapo Gary na Punka wote walishatangulia mbele ya haki.

Hadithi hiyo ndo kila mtu anaisimulia. Inauma kweli, ila mi naona inawapunja, maana watu wanasifia ushujaa weee mpaka muziki wenyewe hausikilizwi. Juzi nimeirudia nyumbani Ngamiani, usiku umeme umetulia, nikaachana na magitaa kabisa nikafuata besi mwanzo mwisho.

Besi ya Gary haina haraka. Kwenye panki nyingi besi inakimbizana na gitaa noti zilezile, huyu anapiga mbili tatu ananyamaza, kirege rege, Punka anaingia kwenye ule uwazi, huko juu magitaa yapige kelele yanavyotaka. Sasa mtu wa Tanga utamfundisha nini hapo? Black Star na Lucky Star, vikundi vyetu vya hapa Tanga, walivyoitoa taarabu kwenye okestra kubwa wakaipa gitaa la umeme na besi, Shakila anaimba mambo mazito ya moyo, na bado watu kiuno hakitulii, kilichokuwa kinawasukuma ni nini kama si besi? (Mama pale anacheka, anajua.)

Siwadanganyi kwamba nyimbo zote kali, kuna mahali wanapiga kelele tu na rekodi yenyewe nyembamba. Lakini “International News”, ile inayosema habari za machafuko na vita ya Angola zinavyofunikwa watu wasijue, hiyo hapana jamani, hiyo nzito. Mwimbaji anawaka, besi imetulia tuli kama haijasikia kitu.

Wewe dogo wa bendi ya harusi uliyekuja na besi yako, njoo hapa, ipige ile laini taratibu watu waione vidoleni.