Ziwa Lina Giza Lake, Deni Halina

(Mhadhara kwa wafanyabiashara wadogo, Kigoma mjini)

Ndugu zangu, wazee wa Ujiji, kina mama wa Kibirizi na Mwanga, shikamooni. Nimeombwa nizungumzie biashara ndogo na mabadiliko ya teknolojia. Mada hiyo ni pana, mkiniachia tutafika alasiri. Nitashika jambo moja: kalenda.

Wauza dagaa mtanielewa haraka. Dagaa wanavuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mwezi ukipevuka taa haivuti kitu, mitumbwi inapumzika, na mwenye meza sokoni hana cha kupanga. Ilikuwa hivyo enzi za karabai, na ni hivyo leo kwenye taa za sola. (Taa hizo zilimwondoa kazini fundi wa karabai na kumpunguzia wateja muuza mafuta ya taa. Sikumbuki kama kuna aliyewaandalia mhadhara.) Mawese nayo yana msimu wake. Hela ya Kigoma huja kwa vipindi, na imekuja hivyo tangu kabla reli haijafika hapa mwaka 1914.

Kilichobadilika ni deni. Zamani mchuuzi alichukua mzigo kwa mali kauli, akauza, akarudisha cha mwenyewe. Mzigo ukikosekana, walikaa wakaelewana. Siku hizi kuna mkopo wa simu unaoingia kabla hujamaliza kunywa chai, na kuna hawa wa kausha damu wanaopita na daftari kila jioni. Hao hawaulizi mwezi umefikia wapi.

Tupige hesabu. Tuseme mama amekopa shilingi 300,000. Anakatwa ya fomu, anaondoka na 270,000. Marejesho ni 12,000 kila siku kwa siku 30, jumla 360,000. Wengi mtasema riba ni 60,000. Hapana! Mkononi alipata 270,000, kwa hiyo kamlipa mtu 90,000 zaidi ya alichopokea, theluthi nzima, kwa mwezi mmoja. Na hapo mbalamwezi sijaigusa. Zikipita siku 10 bila dagaa, zile 120,000 za marejesho zinatoka kwenye mtaji. Giza likirudi, anashuka mwaloni, mitumbwi inakoshusha dagaa, akiwa na zaidi kidogo tu ya nusu ya mtaji aliouacha, anakopa kwingine kuziba pengo. Halafu anaambiwa akasome elimu ya ujasiriamali! Biashara yake anaijua vizuri kabisa. Ratiba ya marejesho ndiyo isiyolijua ziwa.

Mwaka 2024 tuliona jambo hilo kwa ukubwa wake, Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Sina ugomvi na kufungwa kwa ziwa; samaki wamepungua na kila mvuvi anajua. Ila atakayefunga tena akumbuke kwamba wakopeshaji hawafungi.

Lipa namba, ile ya mteja kukulipa kwa simu, nitaipitia kidogo. Mnaikwepa kwa ajili ya makato, na wengine, tusemezane ukweli, kwa kuogopa kodi. Makato yanauma, sikatai. Lakini taarifa ya miamala ya miezi sita inaonyesha giza na mbalamwezi kwa tarakimu, na afisa mikopo ambaye hajawahi kukanyaga mwaloni ataiamini kuliko maneno yenu.

Ipelekeni kwenye ile mikopo inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Haina riba. Ilisimamishwa mwaka 2023, ikarudi 2024. Anzeni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, na kabla kikundi hakijasaini, ombeni marejesho yapangwe wakati wa giza, na kipindi cha kufungwa kwa ziwa kiandikwe ndani ya mkataba. Akikataa, mwombeni aandike sababu.