Barabara Ndani ya Kioo: Ujanja Tuliorithi kwa John Allen

Karibuni tena mezani. Kabla ya lolote, iangalieni barabara hii ya mji wangu mdogo wa mfano, inayopita kati ya ghala na duka, ikaingia chini ya daraja na kupotelea kule mbali. Sasa naingiza kidole changu... Mmeona? Vidole viwili vinagusana. Barabara yenyewe ni sentimita 30 tu. Iliyobaki imo kiooni.

Ujanja huu nimeuiga kwa John Allen, mpiga picha wa Monterey, California. Chumba cha chini cha nyumba yake alikijaza treni ndogo za mfano za kipimo cha 1 kwa 87, yaani mtu wa sentimita 174 anabaki na sentimita 2. Milima yake ilianzia sakafuni ikapanda hadi karibu na dari. Reli hiyo aliiita Gorre & Daphetid. Jina hilo ukilitamka haraka kwa Kiingereza, linasikika kama "imelowa damu na imeshindwa". Mzee alipenda utani. Alifariki tarehe 6 Januari 1973, akiwa na miaka 59, na siku kumi hivi baadaye moto ukateketeza karibu kazi yote. Zikabaki picha, na sisi tunaomwiga.

Haya, tuanze. Chukua kioo cha sentimita 15 kwa 10. Kama hujazoea kukata, mpe fundi wa vioo. Damu ibaki kwenye jina la reli. Sugua kingo kwa msasa uliolowa, kisha zipake wino mweusi. Ukiacha hivi hivi, utaona mstari unaong'aa pembeni na siri imetoka.

Sasa kisimamishe, na hapa usiwe na haraka. Barabara ikutane na kioo kwa nyuzi 90 kamili. Ukikosea nyuzi 5, barabara ya kiooni itapinda nyuzi 10, maana kioo huongeza kosa mara mbili. Tumia pimamaji kuhakikisha kimesimama wima. Kioo kikiinamia mbele, barabara inapanda kilima. Kikiegemea nyuma, inateremka bondeni. Ukiridhika, bana kwa vipande viwili vya mbao kwa nyuma, ndipo utie gundi.

Sasa ficha kingo. Juu nimeweka daraja la reli, kushoto ghala, kulia duka. Chini ndiyo kasheshe: rangi ya fedha ya kioo cha kawaida iko mgongoni, hivyo unene wa kioo unaacha ufa mwembamba kukatiza barabara. Nyunyiza mchanga laini wenye gundi hapo, na kijani kidogo pembeni. Msijaze, barabara haioti msitu katikati.

Kabla gundi haijakauka, inama uangalie kutoka atakaposimama mgeni wako. Mimi mara ya kwanza nilirekodi nusu saa nzima, kumbe fulana yangu nyekundu imesimama mwisho wa mtaa kama ghorofa. Nikashusha daraja sentimita 2, fulana ikatoweka.

Mabango pia. Duka hili lilikuwa na maandishi upande unaotazama kioo, yakasomeka kinyumenyume. Nimeyabandua.

Tumalizie na Emma. Allen alikuwa na dinosau wa jina hilo mwenye mabamba mgongoni, stegosau, akimtumia kusukuma mabehewa stesheni badala ya kichwa cha treni, na alimpa namba 13 kama injini nyingine yoyote. Wa kwangu ni wa plastiki, wa dukani kwa watoto. Nimempaka vumbi la chaki ya kahawia aonekane mtumishi wa siku nyingi. Namweka hapa karibu na daraja, polepole... vizuri. Sasa wako wawili.

Ngoja. Namba 13 ya huyu wa ndani imegeuka. Subirini nimgeuze Emma upande wa pili.