Mwalimu apande roketi, lakini aambiwe

(Mhadhara uliotolewa kwa wanachuo wa ualimu, Mtwara)

Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Wakubwa zangu shikamooni, na nyinyi wadogo zangu hamjambo.

Aliyenialika alitegemea nije na picha za sayari. Picha hizo mnazo kwenye simu zenu. Mimi nimekuja na chupa ya chai iliyojaa barafu, nimeinunua asubuhi kwa wauza samaki, ndiyo maana inanuka kidogo. Na hiki ni kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli. Nakikunja hivi, nakibana na kibanio cha kuanikia nguo, nakitumbukiza kwenye barafu. Kikae humo. Tutakirudia.

Mwaka 1984 Rais Ronald Reagan wa Marekani alitangaza kwamba raia wa kwanza kupelekwa angani na shirika lao la anga, NASA, atakuwa mwalimu. Si mwanasiasa, si mwandishi wa habari. Mwalimu. Wakaomba zaidi ya 11,000. Hapa kwetu ukitangaza uhamisho wa kwenda Nanyumbu tu, vyeti vya daktari vinamiminika ofisini. Msicheke, mimi Nanyumbu nimekaa miaka mitatu na embe kama zile sijazila tena.

Akapatikana Christa McAuliffe, mwalimu wa masomo ya jamii katika sekondari ya mji wa Concord, jimbo la New Hampshire. Umri miaka 37, mama wa watoto wawili. Akiwa angani angefundisha vipindi viwili moja kwa moja kwa televisheni. Tarehe 28 Januari 1986 chombo cha Challenger kikaruka kutoka Florida, na baada ya sekunde 73 kikasambaratika. Watu saba, wote wakafa. Shule nyingi za Marekani zilikuwa zimewasha televisheni ili watoto wamwone mwalimu akipaa, na wanafunzi wake wa Concord walikuwa wamekusanyika wakishangilia.

Kwetu ilikuwa saa 1:38 usiku. Bara hatukuwa na televisheni, tulisikia redioni. Nilikuwa mwanafunzi, na baba yangu alisema neno moja tu: "Mwalimu alifuata nini huko?"

Hilo swali la mzee ndilo limenileta hapa. Wapo wanaolijibu kirahisi kwamba kazi ya mwalimu iko ubaoni, anga waachiwe marubani. Hoja hiyo siipi muda. Aliyewahi kufundisha Jiografia kwa mtoto ambaye hajawahi kuona treni anajua tofauti ya mwalimu aliyesoma jambo na mwalimu aliyelifikia. Maji usiyoyafika hujui wingi wake. Swali linaloninyima usingizi ni jingine: yule mama aliambiwa nini kabla ya kupanda?

Haya, sikilizeni habari za oringi. Aliyewahi kukaa kwa fundi pikipiki anaijua oringi, ile pete ya mpira inayozuia oili isivuje. Challenger ilikuwa na roketi mbili kubwa za pembeni, kila moja ina kipenyo cha karibu mita 3.7. Roketi hizo zililetwa vipande vipande kwa treni kutoka Utah, zikaunganishwa Florida. Kwenye maungio kulikuwa na oringi, mbili mbili, unene wake haufiki sentimita moja. Kazi yake ni kwamba roketi ikiwaka, ungio linatanuka kidogo, na mpira unatakiwa uruke mara moja uzibe ule upenyo kabla moto haujapita. Mpira ukiwa na joto, unaruka. Ukiwa na baridi, unazubaa. Na pale kuzubaa kidogo tu kunatosha.

Wahandisi wa kampuni iliyotengeneza roketi, Morton Thiokol, walilijua hilo. Roger Boisjoly alikuwa ameshaandika kuonya miezi kadhaa kabla. Usiku wa tarehe 27 Januari, baridi ikishuka Florida hadi barafu ikaning'inia kwenye mnara wa kurushia, wahandisi walikaa kwenye simu na NASA wakasema msirushe chini ya nyuzi 12. Wakubwa wa NASA wakakasirika. Ndipo bosi mmoja wa kampuni akamgeukia mkuu wa uhandisi akamwambia avue kofia ya uhandisi avae ya umeneja. Akaivaa. Asubuhi wakarusha kwenye nyuzi 2 hivi, na oringi ya roketi ya kulia ikashindwa kuziba.

Wale saba waliokuwa ndani hawakuambiwa habari za mabishano ya usiku ule.

Ngoja niwape kisa changu kidogo, maana mkisikia Florida mnaweza kudhani ni mambo ya Wazungu. Nikiwa kijana nilikuwa navuka kutoka Lindi mjini kwenda Kitunda kwa mashua. Siku moja mkaguzi alitarajiwa shuleni ng'ambo, na upepo wa kusi ulikuwa umechafuka. Nahodha, mzee mmoja mwembamba, akatutazama walimu wanne na maboksi yetu ya madaftari, akasema, "Tusubiri, alasiri utalala." Mkuu wetu, ambaye alikuwa ng'ambo ile tayari, akatuma kijana: bahari shwari, njooni. Hakuitazama bahari kutoka ndani ya mashua, aliitazama kutoka barazani. Tukaondoka. Katikati ya ghuba wimbi likaingia upande, tukakumba maji kwa ndoo na kwa masufuria ya abiria, na mwalimu mwenzangu wa Hisabati akawa anaomba kwa dini zote mbili. Tulifika. Madaftari yalikuwa uji. Mkaguzi hakutokea.

Ninachokumbuka sana si wimbi. Ni kwamba nahodha alisema, na sisi tulisikia, na tukapanda kwa sababu neno la mkuu lina mhuri.

Baada ya Challenger iliundwa tume, na ndani yake alikuwemo mwanafizikia Richard Feynman. Aliwauliza wakubwa wa NASA uwezekano wa kupoteza chombo, wakamwambia moja kati ya 100,000. Piga hesabu: unarusha kila siku kwa zaidi ya miaka 270 kabla hujapoteza kimoja. Akawauliza wahandisi, wengine wakamwambia moja kati ya 100. Sasa leo hesabu tunayo kamili, maana vyombo vile vimestaafishwa. Safari 135, vilivyopotea viwili: Challenger, na Columbia mwaka 2003. Watu 14. Chukua mabasi 135 yatoke hapa Mtwara kwenda Dar, mawili yasifike na abiria wake wote. Ungemkatia mwanao tiketi?

Feynman huyo huyo ndiye aliyekaa mbele ya kamera za televisheni na glasi ya maji ya barafu, akatumbukiza kipande cha mpira wa oringi kikiwa kimebanwa na kibanio kidogo cha fundi, akakitoa, akakifungua, na mpira haukurudi haraka kwenye umbo lake. Kwisha maneno. Hebu tuone wetu.

Nakitoa... naachia kibanio... aa! Umeruka. Umeruka vizuri kabisa. Chekeni tu. Mpira wa baiskeli si aina ile, wa kwao ulikuwa mgumu zaidi kwenye baridi. Nilijua huenda ungeniaibisha, nikauleta hivyo hivyo. Na hili liandikeni: kama ningekuwa meneja, ningeujaribu nyumbani jana, nikaona umeruka, nikawaambia oringi zote duniani ziko salama.

Turudi kwa mwalimu. McAuliffe alikuwa na mwalimu wa akiba, Barbara Morgan, wa shule ya msingi huko McCall, Idaho. Walifanya mazoezi pamoja. Alimwona mwenzake akipaa, akaona kilichotokea. Ungetegemea arudi darasani na asiitazame tena roketi. Alirudi darasani kweli, lakini mwaka 1998 akaingia mafunzo kamili ya uanaanga, akawa mwanaanga kwa kazi. Columbia ikapotea akiwa bado anasubiri zamu yake ya kuruka. Hakutoka. Agosti 2007, miaka 21 baada ya Challenger, akaruka na Endeavour.

Na safari ile haikuwa shwari. Wakati wa kuruka, kipande cha povu kiligonga tumbo la chombo kikachimba shimo kwenye vigae vya kuzuia joto, na jeraha la namna hiyo, ingawa sehemu nyingine, ndilo lililoiua Columbia. Safari hii walipiga picha, wakapima, wakawaeleza wanaanga, wakatangaza kwa dunia nzima. Wakaamua shimo halihitaji kuzibwa, wakarudi salama. Mwalimu Morgan alikuwa amekaa juu ya shimo analolijua.

Hapo ndipo nilipo mimi. McAuliffe alipandishwa ili watu waamini kwamba chombo ni salama. Alikuwa tangazo, na tangazo haliambiwi habari za oringi. Morgan alipanda kama mfanyakazi wa chombo, mwenye haki ya kuuliza. Baada yake wakaja walimu wengine, Joseph Acaba na Ricky Arnold, na mwaka 2018 hao wawili walirekodi kwenye kituo cha anga baadhi ya masomo ambayo McAuliffe alikuwa ameyaandaa. Yule mama alisubiriwa miaka 32 kipindi chake kikamilike.

Kwa hiyo baba yangu, Mungu amrehemu, nimjibu nini? Mwalimu apande. Ila atafutwe fundi aliyeshika oringi, fundi mwenyewe, azungumze naye uso kwa uso bila meneja katikati, na mwalimu akisema "sipandi" asiitwe mwoga wala asipelekwe Nanyumbu.

Nimeona mkono kule. Ndiyo, binti... Ananiuliza, "Mwalimu, wewe ungepanda?"

Ningepanda. Mke wangu amekaa mstari wa nyuma, mnamwona anavyotikisa kichwa. Haya, mwenye swali jingine?