Turkana Tuko Chini, Mara Tuko Juu

Mabibi na mabwana, habari za jioni.

Hapa Nairobi hakuna asiyejua maana ya kutegemea maji ya jirani. Mifereji ikikauka siku tatu na bei ya mtungi wa lita 20 ikapanda, sote huanza kuulizia bwawa la Ndakaini, kule Murang'a. Tunaombea mvua milima ambayo wengi wetu hatujawahi kuikanyaga.

Nchi yetu nzima iko hivyo kwa Ziwa Turkana. Takriban asilimia 90 ya maji yake huletwa na Mto Omo kutoka Ethiopia, na tangu bwawa la Gibe III lizinduliwe mwaka 2016, mafuriko ya Omo yana mlango na mwenye ufunguo. Samaki wa Turkana walizoea kuzaana kwa kufuata mafuriko hayo. Tukidai kuambiwa mapema maji yatafunguliwa lini na kiasi gani, tunadai haki yetu.

Sasa tugeukie kusini. Mto Mara, kilomita 395 hivi, huanzia msitu wa Mau, ukapita Maasai Mara na Serengeti, ukamwaga maji Ziwa Viktoria karibu na Musoma, Tanzania. Karibu theluthi mbili ya bonde lake iko Kenya. Huku sisi ndio Ethiopia.

Niliwahi kusimama kando ya Nyangores, mto unaoingia Mara, pale Bomet, mvua imetoka kunyesha. Nikachota maji kwa kikombe, nikakiacha juu ya jiwe. Niliporudi, tope lilikuwa limetuama chini, unene wa kidole. Lile ni shamba la mtu, linasafiri kwenda kwa mama wa Tanzania ambaye hakukata hata mti mmoja wa Mau.

Mwaka 2015 nchi hizi mbili zilitia saini makubaliano kuhusu Mara, na kila Septemba 15 tunaadhimisha Siku ya Mara. Ni jambo jema, nami huhudhuria kwa furaha. Lakini ninachokililia ni kidogo, tena kigumu zaidi: kina cha mto kikisomwa asubuhi upande wetu, kifike Musoma asubuhi hiyo hiyo, masika na kiangazi. Pampu za kumwagilia zikinguruma huku juu wakati wa ukame, wa chini ajue siku hiyo, si baada ya ng'ombe wake kufa.

Siku ujumbe wetu utakapoketi Addis Ababa kuzungumzia Omo, wenyeji watatuuliza Tanzania tunaipa nini. Natamani tuwe na daftari la kuwaonyesha.