Ujerumani inatafuta mafundi, lakini swali lake la kwanza ni cheti

Ndugu zangu mnaonitazama kutoka nyumbani, wakubwa shikamooni, na wadogo zangu natumaini hamjambo. Leo ninarekodi nikiwa kwenye uwanja wa kampuni ninayofanyia kazi hapa Kassel, na nyuma yangu mnayaona magari matatu yaliyojaa mabomba, spana na mashine za kukatia. Mawili hutoka kila asubuhi. La tatu limeegeshwa hapo tangu fundi aliyekuwa akiliendesha astaafu, kwa maana mwajiri wetu hajampata wa kushika nafasi yake, na wateja wanaotaka kubadilishiwa mifumo ya kupasha nyumba joto wanasubiri kwa miezi.

Kwa hiyo wanaowaambia kwamba Ujerumani ina upungufu wa mafundi hawawadanganyi. Kizazi kikubwa kilichozaliwa hapa kati ya miaka ya 1955 na 1969 kinaondoka kazini, watoto waliozaliwa baadaye ni wachache, na wengi wao wamechagua chuo kikuu badala ya karakana. Wakati huohuo kazi zimeongezeka: Januari 2024 sheria ya nishati ya majengo ilianza kutaka mifumo mipya ya joto itumie kwa sehemu kubwa nishati jadidifu, yaani isiyokwisha kama ya jua na upepo, kwa kuanzia na nyumba za maeneo mapya ya ujenzi, na pampu za joto, mashine zinazovuta joto la hewani au ardhini na kulileta ndani ya nyumba, hazijifungi zenyewe. Anahitajika fundi bomba, na pembeni yake fundi umeme.

Jambo ambalo halisemwi vya kutosha ni kwamba nchi hii haitafuti mikono tu. Inatafuta mikono yenye cheti na mdomo unaozungumza Kijerumani, na hapo ndipo vijana wetu wengi hodari hukwama.

Namkumbuka mzee aliyenifundisha kazi kule Tandika, ambaye aliweza kuweka sikio ukutani na kukuonyesha mahali bomba linapovuja kabla hujavunja hata tofali moja. Sijakutana hapa na fundi anayemzidi kwa utambuzi huo. Hata hivyo, hakuwa na karatasi yoyote, kwa kuwa alijifunza kwa mjomba wake naye akatufundisha sisi vilevile, na kwa sheria za Ujerumani mtu wa namna hiyo huhesabiwa kuwa hana fani. Jambo hilo liliniuma nilipolielewa, na bado linaniuma.

Aliyesoma chuo cha ufundi stadi nyumbani ana msingi bora zaidi. Tangu Machi 2024, katika fani nyingi, mtu aliyepata mafunzo ya angalau miaka miwili yenye cheti kinachotambuliwa na serikali ya nchi yake, na aliyefanya kazi hiyo kwa miaka miwili ndani ya mitano iliyopita, anaweza kuajiriwa kabla cheti chake hakijalinganishwa na cha Kijerumani, mradi mshahara anaoahidiwa ufikie kiwango kilichowekwa. Ipo pia Kadi ya Fursa, iliyoanza Juni 2024, inayomruhusu mtu kuja kutafuta kazi kwa muda usiozidi mwaka mmoja, lakini anapaswa kuthibitisha kwamba ana fedha za kujitunza. Kwa mwaka 2025 kiasi hicho kilikuwa euro 1,091 kwa kila mwezi. Piga hesabu hiyo kwa miezi 12 kabla hujaaga watu.

Mimi nilipita njia ya uanagenzi, ambao Wajerumani huuita Ausbildung, na kwa kijana aliyemaliza kidato cha nne bila cheti cha ufundi ndiyo ninayoipendekeza kwa moyo wangu wote. Unasaini mkataba na kampuni ungali nyumbani, unafanya kazi huku ukienda shule ya ufundi, na unalipwa. Kwa waliosaini mkataba na kuanza mwaka 2025, kiwango cha chini cha kisheria katika mwaka wa kwanza ni euro 682 kwa mwezi kabla ya makato. Fani ya mabomba na joto huchukua miaka mitatu na nusu, na ya umeme vivyo hivyo. Kwa kawaida utatakiwa kuwa na Kijerumani cha ngazi ya B1, yaani ya tatu kati ya ngazi sita za kujifunza lugha, na shule ya ufundi itakudai zaidi ya hapo, kwa kuwa mwalimu hafundishi taratibu kwa sababu wewe umetoka mbali. Mwaka wangu wa kwanza nilielewa kazi ya mikono mapema sana, lakini maswali ya mtihani nilikuwa nikiyasoma mara tatu ndipo nijue ninachoulizwa.

Ndugu zetu wa Kenya wameniuliza kuhusu mkataba ambao serikali yao ilitia saini na Ujerumani jijini Berlin tarehe 13 Septemba 2024. Mkataba huo haukutaja idadi ya nafasi za kazi, wala haukufuta masharti ya lugha na vyeti, kwa hiyo anayekuuzia nafasi kwa jina la mkataba huo anakuuzia kitu ambacho hana.

Nimalizie na kijana wa Morogoro aliyeniandikia kwamba baba yake anataka kuuza kiwanja ili wamlipe wakala. Mdogo wangu, mwombe mzee asubiri. Ushauri wa awali kuhusu vyeti hutolewa bure na ofisi za serikali ya Ujerumani, na anwani zao zimo katika tovuti yao rasmi iitwayo Make it in Germany. Fedha kidogo mliyonayo ilipie darasa la Kijerumani, na ukifaulu ngazi ya A2, ile ya pili, niandikie tena, tutakaa pamoja tuandike barua yako ya kwanza kwa mwajiri.