Barafu Haitulii: Camp Century na Makombora Yaliyokusudiwa Chini ya Theluji

JUMA: Karibuni tena, wasikilizaji wetu. Dada Zuhura, kabla sijafungua daftari, friza imepona?

ZUHURA: Imepona, kaka. Mpira wa mlango ulichanika, unyevu ukawa unaingia wiki nzima, barafu ikajaa mpaka droo ya juu haitoki. Mwenye hali hiyo nyumbani azime umeme, aache mlango wazi, aweke bakuli la maji ya moto ndani, asubiri. Kisu marufuku. Ndani ya ukuta ule mna bomba za gesi. Ukitoboa moja, friza imekwisha.

JUMA: Na usiku huohuo ukaangalia sehemu ya tatu ya ule mfululizo wa Vita Baridi huko kaskazini.

ZUHURA: Tena nikairudia. Wanajeshi wa Marekani wako ndani ya barafu ya Greenland, wanakata kuta kwa misumeno ya mnyororo, wanapakia vipande kwenye sleji na kuvitoa nje. Na kuta zinawarudia.

JUMA: Tutafika huko. Leo nimepanga hivi: vituo vya Wasovyeti vilivyokuwa vinaelea juu ya barafu ya bahari, kisha nyambizi Nautilus ilivyopita Ncha ya Kaskazini tarehe 3 Agosti 1958, kisha ajali ya ndege huko Thule, kambi ya ndege ya Marekani Greenland. Mwisho mafunzo matatu. Sasa, Wasovyeti...

ZUHURA: Ngoja kwanza. Filamu imewaonyesha wakikata, haikusema kwa nini. Msikilizaji asipoelewa lile handaki lilivyojengwa, hataelewa kilichofuata.

JUMA: Haya, dakika mbili.

ZUHURA: Kambi hiyo, Camp Century, ilianza kujengwa mwaka 1959, yapata kilomita 240 mashariki ya kambi ya ndege ya Thule, juu ya bamba la barafu lenye unene unaozidi kilomita moja. Walileta mashine za Uswisi za kusafishia theluji barabarani. Mashine inatafuna theluji, inairusha pembeni, inashuka tabaka baada ya tabaka mpaka mtaro umefika kina. Juu ya mtaro wakapanga matao ya mabati ya migongo, kisha wakairudisha ileile theluji iliyosagwa juu ya matao. Hapo ndipo penye ufundi. Theluji iliyosagwa, chembe zake zinashikana upya na kugandamana ndani ya muda mfupi, ikawa dari ngumu. Mtaro mkuu ulikuwa na urefu wa zaidi ya mita 330.

JUMA: Na nyumba ndani yake.

ZUHURA: Nyumba za mbao, zimeinuliwa juu ya maboriti, na kati ya ukuta wa nyumba na ukuta wa theluji pameachwa nafasi ya hewa. Bila nafasi ile, joto la chumba linaenda moja kwa moja kwenye theluji. Na joto lilikuwa tele: watu karibu 200, jiko, mabafu, pamoja na kinu cha nyuklia kilichobebwa vipande vipande na kuunganishwa palepale. Kiliitwa PM-2A, kikawashwa mwaka 1960.

JUMA: Maji je? Hili swali tuliulizwa sana.

ZUHURA: Maji waliyapata kwa mvuke. Unatoboa shimo, unapeleka mvuke chini, barafu inayeyuka, panatokea bwawa tumboni mwa barafu, unavuta kwa pampu. Lakini lazima ushuke kwanza upite ile theluji ya juu, maana ina matundu kama sifongo. Ukiyeyusha pale, maji yote yanapotelea chini. Kwenye barafu iliyoshikana ndiko bwawa linakaa. Walipata karibu lita 38,000 kwa siku.

JUMA: Dakika mbili zimepita, dada.

ZUHURA: Bado sijafika kwenye kuta! Theluji ya juu inaongezeka kila mwaka, haiyeyuki. Mzigo unazidi. Theluji ya ukutani ina hewa nyingi, kwa hiyo inabonyea. Na barafu yenyewe, ukiipa uzito na muda, inatiririka taratibu kama uji mzito. Dari linashuka, kuta zinakuja ndani. Palipo na joto inakwenda kasi zaidi. Kwenye chumba cha kinu, kufikia mwaka 1962 dari lilishuka ikabidi liinuliwe kama mita moja na nusu. Kambi nzima ilitoa zaidi ya tani 120 za theluji na barafu kila mwezi ili tu mahandaki yabaki na upana wake.

JUMA: Sawa. Sasa niunganishe na makombora, maana watu wanasubiri. Kambi ilitangazwa kuwa ya utafiti, na utafiti ulifanyika kweli. Nyuma yake kulikuwa na mpango wa siri, Iceworm: makombora 600 yakihamishwa kwa reli ndani ya mahandaki ya kilomita 4,000, Wasovyeti wasijue lipi liko wapi. Denmark yenyewe, mwenye nchi, haikuambiwa. Imekuja kujulikana hadharani miaka ya 1990.

ZUHURA: Na barafu ikaua mpango.

JUMA: Hapo filamu imekosea, na wewe unaifuata. Tarehe 20 Julai 1960 nyambizi USS George Washington ilirusha kombora la Polaris ikiwa chini ya maji. Nyambizi moja, makombora 16, inahama bahari nzima. Mwaka 1962 makombora ya Minuteman yakawa tayari kwenye mashimo yake Marekani kwenyewe. Nani atoe fedha kuficha makombora Greenland wakati bahari inaficha bora zaidi? Tena kwenye ardhi ya nchi iliyotangaza mwaka 1957 kwamba haitaki silaha za nyuklia kwake wakati wa amani. Iceworm iliuawa na jeshi la majini, na siasa.

ZUHURA: Kaka Juma, piga hesabu. Camp Century ilikuwa na mahandaki ya kilomita 3 hivi. Tani 120 kwa mwezi. Kilomita 4,000 ni mara 1,333. Unapata tani 160,000 za kukata na kutoa kila mwezi, masika na kiangazi, milele. Na reli inataka usawa. Sakafu ikijipinda kidogo, behewa lenye kombora halipiti.

JUMA: Hesabu hiyo inachukulia kila handaki ni kama mtaro mkuu wa kambi. La reli ni jembamba, halikai watu, halina jiko wala kinu. Bila joto, linabana polepole zaidi. Wahandisi wangeweza kulichimba upya kila baada ya miaka kadhaa.

ZUHURA: Joto unaliondoa, mzigo wa juu huuondoi. Na kuchimba upya kilomita 4,000 huku makombora yamo ndani?

JUMA: Kwa zamu, sehemu kwa sehemu.

ZUHURA: Sikubali.

JUMA: Nami sikubali. Kinu kilizimwa mwaka 1963, kikaondolewa mwaka uliofuata, na kambi ikaachwa miaka michache baadaye. Kila mmoja wetu atausoma mwaka huo kwa upande wake.

ZUHURA: Hujasema kilichobaki kule. Dizeli kama lita 200,000, maji machafu zaidi ya hapo, vyote vimo ndani ya barafu ileile inayotembea. Wenyeji wa Thule walikwisha kuhamishwa makwao mwaka 1953 ili kambi ya ndege ipate nafasi. Hao wangestahili nusu saa ya filamu, si dakika moja.

JUMA: Hapo tuko pamoja. Fundi wa sauti ananionyesha vidole vitatu. Mafunzo matatu hayawezekani, na Thule...

ZUHURA: Thule inataka kipindi chake. Ndege ya B-52, Januari 1968, mabomu manne ya haidrojeni. Usiibane kwenye dakika tatu. Nipe mimi hizo niseme kuhusu tope.

JUMA: Tope?

ZUHURA: Mwaka 1966 walimaliza kutoboa barafu pale Camp Century mpaka ardhini, mita 1,387. Ndiyo mara ya kwanza nguzo ya barafu kutolewa kutoka juu hadi chini ya bamba zima. Kazi ya namna hiyohiyo ilifanywa Kilimanjaro mwaka 2000. Chini kabisa walitoa na udongo ulioganda, mita tatu na kitu. Barafu ikachunguzwa, udongo ukawekwa kwenye chupa na kusahauliwa frizani kwa miongo. Ulipokuja kufunguliwa na kuoshwa, likatoka jani. Vijiti na majani vinavyoonekana kwa macho, pale palipo na barafu ya zaidi ya kilomita. Vipimo vinasema pale palikuwa wazi takriban miaka 400,000 iliyopita.

JUMA: Kwa hiyo waliokwenda kuficha makombora...

ZUHURA: Walioitoboa hawakuwa wa makombora, kaka. Hilo nalo nilitaka tubishane.

JUMA: Muda umeisha. Wiki ijayo, Thule.

ZUHURA: Na reli.