Uchimbaji wa Mabaki ya Kale kama Sanaa ya Mahali na Watu Wake

Ndugu wasikilizaji, jambo hili nimelisema katika kumbi nyingi, na leo nalirudia kwa sababu bado halijashika. Uchimbaji wa mabaki ya kale, unapofanywa na wakazi wa mahali penyewe mbele ya macho ya jirani zao, ni kazi ya sanaa, na wanaoinama kuokota vigae ni wasanii wa kazi hiyo, si vibarua.

Mfano wangu niruhusuni niueleze kwa kirefu. Mwaka 1999 msanii wa Marekani, Mark Dion, aliwakusanya watu wa kujitolea, vijana kwa wazee, wakashuka kwenye kingo za mto Thames jijini London, upande wa Millbank lilipo jumba la sanaa la Tate na upande wa Bankside lilikokuwa likiandaliwa jumba lake jipya. Maji yalipokupwa waliokota viko vya udongo, makombe ya chaza, mifupa, vigae, chupa, plastiki, hata kadi za benki. Kisha mahema yakapigwa kwenye uwanja wa Millbank, na humo vitu hivyo vikaoshwa na kuchambuliwa hadharani, mpita njia akiweza kusimama na kuuliza. Hatimaye vikawekwa katika kabati kubwa la mbao, vikipangwa kwa aina na sura badala ya umri, hata takataka ya juzi ikakaa na masalio ya karne zilizopita bila kudharauliwa.

Najua wanaakiolojia mliomo humu mtaniambia kwamba huo haukuwa uchimbaji, kwa kuwa matabaka ya udongo, yanayoonyesha kipi kilitangulia kipi, hayakusomwa, na kitu kilichotengwa na tabaka lake kimepoteza sehemu kubwa ya ushahidi wake. Kuhusu matabaka nakubaliana nanyi kabisa, wala simruhusu mtu yeyote aingie kwenye magofu na jembe kwa jina la sanaa. Lakini hoja yenu yenyewe ndiyo inayonipa nguvu! Tabaka likishaondolewa halirudi. Tendo hilo hufanyika mara moja tu, mahali hapo tu, na mkazi aliyezuiwa nyuma ya kamba huachiwa ripoti, mara nyingi katika lugha asiyoisoma na katika mji asioufikia. Basi kwa nini asiwepo, tena akiwa na mwiko mkononi?

Muda unanibana. Kuhusu Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, magofu yaliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, nitasema hili tu: shimo litakalofunguliwa huko baadaye, vitu vyake vipangwe kwanza kijijini, kwa mpangilio watakaouamua wanakijiji, kabla ya sanduku lolote kupakiwa chomboni. Suala la malipo ya wachimbaji, na la majina yao kuandikwa katika ripoti, nawaachia mlianzishe kwa maswali yenu.